Sura ya 6: Kung'oa Injini ya Petroli na Kufunga ya Dizeli, Je, Kunalipa?

Kila bei za mafuta zinapotangazwa, iwe na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini Tanzania, ambayo hutoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, au na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli nchini Kenya, ambayo hutangaza zake tarehe 14, wenye magari ya petroli hurudia swali lilelile: je, gari linaweza kung'olewa injini ya petroli likafungwa ya dizeli, na fedha zitakazotumika zitarudi? Swali hilo ni zito, kwa sababu kazi hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe, na kwa sababu majibu yanayopatikana gerejini na vijiweni huangalia jambo moja tu, yaani gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Sura hii inaonyesha kwamba mambo yanayoamua ni mengine mawili: idadi ya kilomita ambazo gari litatembea baada ya kufungwa injini hiyo, na mfuko wa mtu anayepokea akiba inayopatikana katika kila kilomita.

Injini haigeuzwi, hubadilishwa

Jambo la kwanza la kuwekwa wazi ni kwamba injini ya petroli haiwezi kufanywa itumie dizeli kwa kubadilisha vifaa vichache. Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huingia ndani ya silinda, yaani tundu la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, vikiwa vimekwisha kuchanganyika, kisha mchanganyiko huo hukandamizwa na kuwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche: hewa peke yake hukandamizwa mpaka ikapata joto la kutosha kuwasha mafuta, ndipo nozeli, ambayo ni kifaa cha kunyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa, inapopuliza dizeli ndani ya hewa hiyo ikawaka yenyewe. Kiasi cha kukandamiza huku huitwa uwiano wa mgandamizo, na maana yake ni mara ngapi ujazo wa silinda hupunguzwa pistoni inapofika juu. Injini nyingi za petroli za kawaida hupunguza ujazo huo mara 8 hadi 11, ilhali za dizeli hufikia mara 16 hadi 22, na tofauti hiyo ndiyo inayolazimisha injini ya dizeli iwe na bloku nzito zaidi, pistoni nene zaidi, na boliti imara zaidi za kufungia silinda hedi, ambayo ni kifuniko cha juu cha injini.

Historia ya viwanda ina mfano mmoja unaoeleza jambo hili kuliko maelezo yoyote ya kifundi. Baada ya bei ya mafuta kupanda sana katika miaka ya 1970, kampuni ya General Motors ya Marekani iliamua kutengeneza injini ya dizeli kwa magari yake ya abiria, na kitengo chake cha Oldsmobile kilitoa injini ya lita 5.7 yenye silinda 8 katika magari ya mwaka wa modeli 1978. Bloku yake iliimarishwa, lakini ili mashine zilezile za kiwandani ziendelee kutumika, mpangilio na idadi ya boliti za silinda hedi viliachwa kama vilivyokuwa katika injini ya petroli, na mfumo wa mafuta haukuwekewa chombo cha kutenganisha maji na dizeli. Boliti zilivutika na kukatika, gasketi zikaungua, maji yaliyomo katika dizeli yakaharibu pampu na nozeli, na injini hiyo, ambayo ilikuwa imeuzwa kwa wingi, ikaachwa kutengenezwa mwaka 1985 huku Wamarekani wengi wakiwa wamelichukia gari la dizeli kwa ujumla. Ikiwa kiwanda chenye wahandisi, maabara na fedha za kiwango hicho kilishindwa kuazima sehemu tu ya umbo la injini ya petroli, fundi anayeahidi kuigeuza injini ya petroli kwa kuibadilishia pampu na nozeli anaahidi kisichowezekana. Kinachowezekana, na ambacho gereji nyingi za Afrika Mashariki hukifanya vizuri, ni kuiondoa injini yote na kufunga nyingine iliyozaliwa ya dizeli, na kwa kawaida hiyo huwa injini ya mtumba kutoka Japani.

Kwa nini dizeli hutumia mafuta machache

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipoionyesha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, iliweza kugeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango kilichoziacha mbali injini za mvuke za wakati huo. Siri yake kuu ilikuwa mgandamizo uliokwisha kuelezwa, kwa sababu hewa inapokandamizwa zaidi, sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta hugeuka kuwa msukumo wa pistoni badala ya kupotelea katika ekzosi na rejeta.

Sababu ya pili haijulikani sana, nayo inawahusu hasa madereva wa mijini. Injini ya petroli huendeshwa kwa kufungua na kufunga kilango cha hewa, kwa hiyo gari linapojikokota katika foleni kilango hicho huwa karibu kimefungwa, na pistoni hutumia sehemu ya nguvu zake kuvuta hewa kupitia upenyo mwembamba. Injini ya dizeli ya kawaida huingiza hewa bila kizuizi cha namna hiyo na kurekebisha kiasi cha mafuta tu, ndiyo maana inapounguruma bila kwenda, au inapotembea kwa mwendo mdogo, hutumia mafuta machache sana ikilinganishwa na mwenzake wa petroli.

Sababu ya tatu iko ndani ya mafuta yenyewe, kwa kuwa lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita moja ya petroli na hubeba nishati zaidi kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Sababu zote tatu zikijumlishwa, gari la ukubwa uleule, likibeba mzigo uleule, linaweza kwa kawaida kutumia lita pungufu kwa asilimia 20 hadi 30 likiwa na dizeli, na kiwango cha chini cha makadirio hayo ndicho kitakachotumika katika hesabu za sura hii, kwa kuwa injini ya mtumba haina ahadi za kiwandani.

Vitu vinavyosahaulika katika bei ya fundi

Bei inayotajwa mara ya kwanza kwa kawaida ni ya injini na ufundi wa kuifunga, lakini gari ni mfumo ambao kila kifaa kilichaguliwa kulingana na kingine, na kuiondoa injini moja huvuta vifaa vingi visivyotarajiwa. Vile vinavyoleta gharama za ghafla zaidi ni hivi:

- Gia boksi na klachi, kwa kuwa gia boksi ya petroli mara nyingi haishikani na injini ya dizeli wala haikutengenezwa kwa nguvu zake za kuzungusha.
- Difu, ambayo ni mkusanyiko wa gia unaopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Injini nyingi za dizeli za zamani hufikia kikomo karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika, wakati za petroli huvuka 5,000, kwa hiyo gari likibaki na difu ya petroli huweza kupiga kelele kubwa barabara kuu bila kuongeza mwendo.
- Breki. Busta ya breki, inayompunguzia dereva nguvu ya kukanyaga, hutegemea mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini ya petroli. Dizeli haina mvuto huo, hivyo huhitaji pampu ya kufyonza hewa, ambayo katika baadhi ya injini za Toyota, zikiwamo 2L na 3L, hukaa nyuma ya oltaneta. Fundi anayenunua injini bila oltaneta yake huweza kukabidhi gari lenye breki ngumu kama jiwe.
- Rejeta, betri kubwa zaidi, plagi za kupasha moto silinda wakati wa kuwasha, chujio lenye kitenganisha maji, na bomba la kurudisha dizeli iliyozidi kwenye tenki.
- Springi za mbele na mipira ya kushikilia injini, kwa sababu ya uzito ulioongezeka.

Kwa magari yaliyotengenezwa katika miaka ya karibuni kuna kikwazo kingine kinachoweza kuifuta kazi nzima, nacho ni kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayosimamia injini na kuwasiliana na gia, breki na ufunguo. Injini mpya za dizeli zenye mfumo wa mafuta wa shinikizo kubwa, ambalo huzidi mara 1,000 ya shinikizo la hewa ya kawaida, haziwaki bila kompyuta yake, na kuzifanya kompyuta mbili za familia tofauti zielewane ni kazi ambayo mafundi wachache wanaiweza. Ndiyo maana kazi zinazofanikiwa zaidi ni zile za magari ambayo kiwanda chenyewe kiliyauza kwa namna zote mbili. Toyota Hiace za mfululizo wa H100 ziliuzwa na injini za petroli za 1RZ na 2RZ na pia za dizeli za 2L na 3L, na Land Cruiser za mfululizo wa 80 zilipatikana na injini ya petroli ya 1FZ-FE ya lita 4.5 au ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2. Katika magari hayo fundi hufuata njia ambayo kiwanda kilikwisha kuipita: vishikizo vipo, gia boksi inayofaa inajulikana, na vipuri vyake viko madukani. Gari dogo la familia lisilokuwa na ndugu wa dizeli wa namna hiyo halifai kuingizwa katika mpango huu hata kidogo.

*Kwa ufupi: kinachonunuliwa ni mfumo mzima, na bei ya kulinganishwa na akiba ni ile ya gari linalotembea, linalofunga breki na lisilochemsha, si bei ya injini iliyolala sakafuni dukani.*

Hesabu ya kilomita

Hesabu ifuatayo inatumia tarakimu za mfano, ambazo msomaji anaweza kuziondoa na kuweka zake. Ichukuliwe kwamba petroli na dizeli zote zinauzwa shilingi 3,000 za Tanzania kwa lita, kwamba gari lilikuwa likienda kilomita 8 kwa lita ya petroli na sasa linakwenda kilomita 10 kwa lita ya dizeli, na kwamba kazi yote imegharimu shilingi milioni 9. Kila kilomita ya petroli iligharimu shilingi 375, ya dizeli inagharimu 300, na akiba ni shilingi 75. Milioni 9 zikigawanywa kwa 75 zinatoa kilomita 120,000, na huo ndio umbali ambao gari lazima litembee kabla ya mwenyewe kurudisha shilingi ya mwisho aliyoitoa.

Lakini dizeli ya zamani hutaka matengenezo zaidi, kwa sababu huchukua oili nyingi zaidi, oili hiyo huchafuka haraka kwa masizi, na chujio la mafuta haliwezi kuachwa. Ikiwa nyongeza hiyo ni shilingi 15 kwa kilomita, akiba halisi hushuka hadi 60, na umbali wa kurudisha fedha hupanda hadi kilomita 150,000. Mwenye gari la familia linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka atasubiri miaka 10, na katika muda huo injini ya mtumba aliyoinunua, ambayo ilikwisha kutumika miaka mingi kabla ya kuvuka bahari, huenda ikawa imefunguliwa tena kwa gharama nyingine kubwa. Gari la biashara linalotembea kilomita 60,000 kwa mwaka hufika umbali huohuo katika miaka miwili na nusu. Magari hayo mawili yanaweza kufungwa injini ileile, na fundi yuleyule, kwa bei ileile, na bado uamuzi ukawa sahihi kwa moja na hasara kwa jingine.

Bei ya mafuta nayo haitulii. Nchini Kenya dizeli imezoea kuuzwa chini ya petroli, na Oktoba 2023 bei kikomo jijini Nairobi zilikuwa shilingi 217.36 kwa petroli na 205.47 kwa dizeli, tofauti inayomsaidia mwenye dizeli. Nchini Tanzania bei hizo mbili hukaribiana sana, na mwishoni mwa mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga soko la dunia, dizeli jijini Dar es Salaam iliuzwa kwa bei ya juu kuliko petroli. Katika mfano uliotangulia, dizeli ikipanda hadi 3,200 huku petroli ikibaki 3,000, akiba halisi hubaki shilingi 40 tu kwa kilomita, na safari ya kurudisha milioni 9 hurefuka hadi kilomita 225,000.

Hali moja hubadilisha hesabu hii kwa haki, nayo ni pale injini ya petroli inapokuwa imekufa. Mwenye gari atalazimika kununua injini kwa vyovyote, kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni nyongeza pekee. Ikiwa injini nyingine ya petroli ingegharimu milioni 3 mpaka kufungwa, nyongeza ya dizeli ni milioni 6, na kwa akiba ya shilingi 60 umbali hushuka hadi kilomita 100,000. Kung'oa injini nzima, inayofanya kazi vizuri, kwa tamaa ya akiba ni uamuzi mgumu zaidi kuutetea, hasa kwa kuwa ipo njia ya tatu ambayo mafundi hawana sababu ya kuitaja: kuliuza gari la petroli na kununua lililotoka kiwandani likiwa la dizeli. Kama tofauti ya bei ya magari hayo mawili sokoni, pamoja na gharama za kuhamisha umiliki, ni ndogo kuliko gharama ya kubadilisha injini, basi mjadala umekwisha, kwa sababu gari la kiwandani lina difu, breki na nyaya zinazolingana na injini yake, na siku ya kuuzwa mnunuzi halitilii shaka.

Akiba huingia mfuko gani?

Katika biashara ya daladala kuna jambo ambalo wenye magari wengi huligundua wakiwa wamekwisha kulipa. Kwa utaratibu ulioenea nchini Tanzania, dereva humkabidhi mwenye gari kiasi maalumu kila siku, kinachoitwa hesabu, na yeye mwenyewe hulipia mafuta kutokana na nauli, hivyo kinachobaki baada ya mafuta na hesabu hugawanywa kati yake na kondakta. Daladala inayotembea kilomita 200 kwa siku na kuokoa shilingi 75 kwa kilomita huokoa shilingi 15,000 kila siku, na kama hesabu haikubadilishwa, fedha hizo zote huishia kwa dereva na kondakta wake, wakati aliyetoa milioni 9 ndiye pia anayenunua oili na kulipia pampu ikiharibika.

Si vibaya dereva akinufaika, kwa kuwa ndiye anayekaa nyuma ya usukani tangu alfajiri, lakini mapatano yanapaswa kufanyika kabla gari halijaingia gereji. Tuseme hesabu inaongezwa kwa shilingi 10,000 na dereva anabaki na 5,000. Mwenye gari akiondoa shilingi 3,000 za nyongeza ya matengenezo kwa siku hubaki na 7,000, ambazo kwa siku 300 za kazi ni milioni 2.1 kwa mwaka, na mtaji wake hurudi baada ya miaka minne na ushei badala ya miwili na nusu. Kwa kampuni ya utalii ya Arusha, ambayo yenyewe hununua mafuta ya magari yake, swali hili halipo, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya hesabu za watu wa safari na za watu wa daladala zisilingane hata wanapotumia injini za kampuni moja.

Nguvu, masafa na moshi

Watu wa safari wana sababu nyingine zisizoonekana katika hesabu ya lita. Injini ya 1FZ-FE ya petroli hutoa takriban nguvu-farasi 212, na ya 1HZ takriban 130, kwa hiyo anayebadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili ajue kwamba gari litakuwa zito kupanda mlima na kupita magari mengine. Anachokipata ni nguvu ya kuzungusha inayopatikana mapema, injini ikiwa bado katika mizunguko ya chini, na hiyo ndiyo inayohitajika katika matope na mchanga. Anapata pia safari ndefu zaidi kwa tenki moja, mafuta ya akiba yasiyoshika moto kwa wepesi kama petroli, na injini isiyotumia kompyuta, ambayo fundi wa mji mdogo anaweza kuifungua kwa spana alizonazo. Kwa gari linalolala porini sababu hizo zinaweza kutosha hata kama akiba ya fedha ni ndogo.

Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kwa ajili ya faida, huila pampu polepole bila dereva kuona dalili mapema. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 na Kenya ikaweka tozo maalumu kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya udanganyifu huo, lakini mwenye gari bado anapaswa kuchagua kituo anachokiamini. Kuna hatari nyingine rahisi kuizuia: maandishi ya petroli kwenye mfuniko wa tenki yafutwe siku ileile gari linapotoka gereji, kwa sababu mhudumu wa kituo anayemwaga petroli katika tenki la dizeli anaweza kuiharibu pampu kabla gari halijafika mbali.

Moshi nao una gharama inayolipwa na watu wasiokuwa na gari. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, hatua njema kweli, lakini injini ya zamani yenye nozeli zilizochoka hutoa masizi hata ikipewa dizeli safi, na wanaoyavuta ni abiria wa vituoni, wauza matunda kando ya barabara na watoto wanaokwenda shule kwa miguu.

Kadi ya gari na mlango wa gesi

Kadi ya gari huonyesha namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta, kwa hiyo mabadiliko lazima yafikishwe TRA, mamlaka ya mapato, kwa Tanzania, au NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa Kenya, pamoja na risiti na nyaraka za forodha za injini iliyonunuliwa. Kampuni ya bima pia ijulishwe kwa maandishi, kwa kuwa maelezo ya gari yasiyolingana na kadi huweza kuzua ubishi wakati wa kudai fidia, na mnunuzi wa baadaye atakapokuta namba mbili tofauti atakuwa na haki ya kuhofia kwamba injini ni ya wizi.

Jambo la mwisho la kuangaliwa kabla ya kuagiza injini linawahusu zaidi wakazi wa Dar es Salaam. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo imekuwa ikifika jijini humo kwa bomba tangu mwaka 2004, na magari yanayotumia gesi iliyoshindiliwa katika mitungi yameongezeka, huku Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa wanaofunga mifumo hiyo. Injini inayoipokea gesi kwa urahisi ni ya petroli, kwa kuwa tayari ina plagi za kuiwasha, na baada ya kufungwa mfumo huo gari huendelea kutumia petroli pale gesi inapokosekana, bila kuguswa gia boksi, difu wala breki. Mtungi huchukua nafasi ya mizigo na foleni za vituo vya gesi zinajulikana, lakini anayeing'oa injini ya petroli anaufunga mlango huo kwa mikono yake. Kwa mwenye gari anayefanya kazi kati ya Mbagala na Ubungo, gharama ya mfumo wa gesi inapaswa kuwekwa kando ya ile ya injini ya dizeli katika karatasi moja kabla ya fundi kulipwa malipo ya awali. Kwa anayefanya kazi Mpanda au Loliondo, mbali na bomba na vituo hivyo, safu hiyo ya karatasi itabaki tupu, na hapo hesabu ya kilomita 150,000 ndiyo inayobaki kujibiwa.